Jumamosi Zisizohesabiwa

Oldham, 9 Novemba 2016

Mume wangu Mahfuz,

Asalaam aleikum. Hujambo? Mama mkwe na goti lake vipi? Huku tu wazima, ila baba mkono wake wa kulia haujarudi tangu apooze.

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu nyumba nzima inasikiliza. Viza yako ya kuja huku Ulaya wameikataa. Mshahara wangu wa kiwandani peke yake haufiki kiwango wanachotaka ili mke amlete mumewe, na pesa ya mgahawani kwake Mjomba Shofik alinipa mkononi, haikupita benki. Kwa serikali, Jumamosi zote nilizosugua masufuria hazikuwepo. Mjomba anasema, "Ningejua, mwanangu!" Alijua. Alikwepa kodi.

Nimekata rufaa. Usivunjike moyo.

Mkeo, Rezwana

Beanibazar, 2 Desemba 2016

Mke wangu,

Waaleikum salaam. Sisi hatujambo. Mama anakusalimu, goti linamsumbua akiinuka.

Jana kwenye kibanda cha chai Kutub alipaza sauti: "Mwalimu, bado upo? Tulidhani unatetemeka na baridi ya Ulaya!" Wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikarudi nyumbani kwa njia ya nyuma.

Usijiue kwa kazi kwa ajili yangu.

Mumeo, Mahfuz

Oldham, 3 Julai 2017

Mume wangu,

Salamu nyingi. U mzima kweli? Barua zangu mbili hukujibu, na simu unasema mtandao mbaya.

Nimepata kazi ya pili, nasafisha ofisi alfajiri. Hii inapita benki. Idd nilivaa sari uliyoninunulia, nikampakulia baba, nikaketi jikoni. Dada akauliza, "Umejipamba kwa ajili ya nani?" Nikainuka kuosha vyombo.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Mkeo, Rezwana

Beanibazar, 24 Julai 2017

Rezwana wangu,

Nisamehe. Huku salama. Nilikuwa naandika na kuchana. Niliona haya: wewe unasugua sakafu, mimi nasubiri tu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Mumeo, Mahfuz

Oldham, 20 Januari 2018

Mume wangu,

Hamjambo nyote? Keti kwanza.

Siku ya kesi jaji aliniuliza, "Kwa nini usiende wewe ukaishi kwake?" Nikasema, "Baba hawezi kufunga vifungo vya shati." Akauliza, "Hana mwingine?" Nikasema, "Dada ana watoto wanne. Baba ananingoja mimi." Akaandika.

Jana jibu lilikuja. Tumeshinda! Nilipomwambia baba, alicheka kwa upande mmoja wa mdomo. Njoo.

Mkeo, Rezwana

Beanibazar, 27 Februari 2018

Mke wangu,

Asalaam aleikum. Baba hajambo? Viza imeshagongwa kwenye pasipoti, naruka Jumanne ya tarehe 20 Machi. Kutub amenikumbatia mbele ya watu, akaniomba nimtafutie kazi.

Nilidhani leo ningekuandikia furaha tupu. Lakini tangu juzi mama hali chakula nami. Anachukua sahani yake, anaingia chumbani, anafunga mlango. Nikamfuata: "Mama, nimekukosea nini?"

Akasema, "Hujanikosea, baba. Acha nijizoeze kula peke yangu."

Mumeo, Mahfuz