Sauti ya Pili

4 Februari 1986

Kwako Chiriku wangu,

Salamu nyingi. U mzima? Baridi ya huko inakuacha ulale? Mimi sijambo, magoti tu yananikumbusha umri. Kuhusu mama yako, kaa kitako kwanza ndipo uendelee kusoma.

Mwezi uliopita alipatwa na kiharusi. Daktari anasema amevuka. Sikutaka kukushtua kwa simu, maana najua chuo hakikupi ruhusa katikati ya mwaka. Upande wa kulia umelala. Anakula, ananijua, lakini Kiswahili kimemtoka chote, hata jina langu. Kilichobaki ni lugha ya kwao, ile aliyoiacha alipochukuliwa na shangazi yake akiwa bado mtoto. Unakumbuka hakutufundisha hata neno moja. Ukimwomba alikuwa anacheka na kukutuma dukani.

Sasa habari njema: kila jioni anaimba! Ni kipande kifupi, kinaanza so so mi do, kisha kinapanda na kushuka tena. Anakirudia vilevile, hakosei hata nusu sauti. Mkono wa kushoto anaunyanyua kama anaongoza kwaya. Nimefundisha kwaya ya shule maisha yangu yote, sijapata mwanafunzi wa namna hiyo. Nilitaka kutafuta mtu wa lugha yake, nikaona wimbo hauhitaji mkalimani. Kitanda nimekigeuza kikaelekea kinanda ili anione nikipiga, na nimemwekea sauti ya pili. Tunaimba wawili, kama enzi za uchumba.

Noti zote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, na maneno chini yake kama ninavyoyasikia.

Baba yako

27 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Na mama mpe shikamoo yangu, hata kama haielewi. Barua yako niliisoma kwenye choo cha kiwanda tunachofanyia mafunzo ya chuo, maana humo tu ndimo mtu analia bila kuulizwa. Niliomba ruhusa. Mkuu wa mafunzo alifungua kalenda, akaweka kidole kwenye mwezi wa nane, akaifunga.

Mimi mzima. Mitambo ya kufumia naielewa, lugha ndiyo inanitoa jasho. Baba, huku neno bila sauti yake si neno. Ukilipandisha ni kitu kimoja, ukilishusha ni kitu kingine kabisa. Siku za kwanza nilijiona bingwa, kwa sikio ulilonipa. Mwalimu akitamka, mimi namrudishia sauti ileile kama kinanda, darasa zima linapiga makofi. Akiniuliza nimesema nini, natoa macho. Sauti naishika, neno linaniponyoka, kwa sababu kichwani mwangu ni vitu viwili tofauti.

Mwenzangu wa chumbani tunamwita Debe, kwa jinsi anavyoimba vibaya. Ungemfukuza kwenye kwaya siku hiyohiyo. Lakini ndiye wa kwanza darasani! Lugha ya kwao nayo inapanda na kushuka, kwa hiyo tangu utotoni anajua kuwa sauti imo ndani ya neno, kama herufi zake. Mwalimu anasema mtu wa muziki husikia upesi, ila inabidi asahau kwamba anasikia muziki. Huko kusahau ndiko kumenishinda.

Wimbo wa mama nimeukariri. Nauimba nikifua.

Mwanao,
Chiriku

21 Machi

Chiriku wangu,

Natumaini hujambo. Hapa tunasukuma siku. Mweleze huyo Debe wako kwamba sijawahi kumfukuza mtu, huwa nawapa kubeba vitabu.

Jumapili nilileta kwaya nzima nyumbani. Wimbo wa mama yako nimeupanga kwa sauti nne. Chumba kilijaa, besi ikabidi wabanane mlangoni, na fundi viatu na lile tumbo lake akauziba mlango peke yake. Mama yako alipoanza, tukaingia naye taratibu. Akanyamaza, akatutazama mmoja mmoja. Akaanza tena kwa nguvu, mkono juu, nasi tukaongeza. Mwisho akalia, machozi mpaka shingoni, na sisi wote tukalia naye. Ilikuwa furaha, mwanangu.

Tangu siku hiyo haimbi kwa nguvu kama zamani. Nadhani tulimchosha.

Baba yako

16 Aprili

Baba,

Shikamoo. Nakuandikia mbio ili barua iwahi posta. Tafadhali, usiimbe tena na mama.

Debe alinikuta nafua, naimba. Akauliza, "Unaongea na nani?" Nikamwambia ni wimbo wa mama. Akaniambia niuimbe tena, halafu tena. Akasema, "Lugha hiyo siijui, lakini huo si wimbo. Mwimbaji leo atavuta hapa, kesho atafupisha pale. Mama yako habadilishi hata kidogo, kwa sababu akibadilisha sauti, maneno yanaharibika. Huyo anasema kitu." Nilimcheka. Usiku sikulala.

Baba, kuna kitu anakisema kila jioni, nasi tunamwimbia. Tafuta mtu wa lugha yake, popote alipo, leo hii. Na namna ya kumjibu niandikie kwa noti, nijifunze kabla sijafika.

Mwanao

12 Mei

Mwanangu,

Kaa chini. Mama yako tumemzika Jumamosi.

Barua yako ilinikuta shuleni. Sikungoja kengele. Niliuliza walimu wote, nikaishia jikoni kwa mpishi, mama ninayesalimiana naye kila asubuhi miaka nenda rudi. Sikumwimbia. Nilimtamkia tu, kama mama yako anavyotamka. Mwiko ukamsimama mkononi. Akasema, "Ni nani huyo anayetaka kugeuzwa atazame mlango?"

Ni hilo tu, Chiriku. "Nigeuze nitazame mlango, mtoto asije akaingia nisimwone." Mtoto mwenyewe ni wewe. Na mimi nilimwelekeza kwenye kinanda, nikamwekea sauti ya pili. Alinionyesha mlango kwa mkono wake mzima, nikasema anaongoza kwaya. Najichukia, mwanangu, sina pa kujificha.

Tulimgeuza siku hiyohiyo. Mpishi alikaa naye mpaka giza likaingia, wakapiga soga, mama yako akacheka hadi akapaliwa. Mimi nilifundishwa jibu: "Yuko njiani." Kila jioni aliuliza, nikamjibu, naye akatikisa kichwa na kunirekebisha, kwa kuwa nilikuwa naimba. Alinirudisha mwanzo kama ninavyowarudisha watoto wangu wa kwaya. Siku zile chache tulikuwa na raha.

Jioni ya mwisho hakuuliza. Alikuwa anautazama mlango tu. Nikamwambia mwenyewe, polepole, yuko njiani. Hakunirekebisha.

Uliniomba noti. Sikuandikii, maana utaimba. Mpishi atakufundisha kwa mdomo ukija. Kitanda sijakirudisha kilipokuwa, na mlango nauacha wazi kutwa nzima. Majirani wanasema nitaibiwa.

Mwezi wa nane usipige hodi. Ingia tu.

Baba yako