Mistari ya Hewa

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepoa na duka linakwenda. Mimi mzima, ila mashine ya maabara ya kugandisha plastiki imeungua, na mkubwa wangu amesema kadi zangu za kupimia damu zisipofanya kazi mbele ya wakaguzi tarehe 18, nafasi yangu anapewa mwingine. Nimekutumia plastiki za kadi hizo kwa basi. Nimeshazikata na kuzipanga; wewe zipitishe tu kwenye mashine yako ya kulamineti vitambulisho zishikane. Mara moja, moto mdogo. Tafadhali Mama, usiongeze ufundi.

Mwanao

8 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni ule ule, tutafanyaje. Kadi nimezipata. Hivi huko mnafundishwa kukata na nani? Kila moja ilikuwa na mistari ya hewa katikati! Nikaona haya kwa niaba yako. Nikaongeza moto, nikazirudisha mashinani hadi hewa yote ikatoka. Sasa zimelala kama kioo. Dukani kwangu hakijawahi kutoka kitambulisho chenye hewa, na wewe huaibiki mbele ya wakaguzi nami nipo. Nimezipakia basi la leo.

Mama yako

11 Machi

Mama,

Shikamoo. Sijambo. Hapana, nina mambo tele. Mama jamani! Hiyo mistari ndiyo kadi yenyewe! Ndimo tone la damu linamopita. Umeiziba yote, moja baada ya nyingine, tena kwa mapenzi. Nikidondosha maji, yanakaa juu yananitazama. Wenye fedha hutengeneza vitu hivi kwa mitambo ya bei ya nyumba. Mimi nina plastiki, mashine ya kukatia stika, na mama asiyesikia. Nilisema mara moja! Nimejifungia chooni nikalia ili wenzangu wasinione.

Mwanao

16 Machi

Mama,

Shikamoo. Hujajibu, simu hupokei, na shangazi anasema duka umelifunga. Kama umekasirika, kasirika, lakini pokea simu. Neno lile la “asiyesikia” lilinitoka kwa hasira, nisamehe. Nimekata plastiki nyingine, ila fundi wa huku anaziunguza tu, na keshokutwa ndiyo siku yenyewe. Nadhani nimwambie mkubwa wangu mapema kwamba

Ngoja, mlinzi wa getini anapiga simu.

Mama! Anasema kuna mwanamke ameshuka kwenye basi na mashine iliyofungwa kwa shuka, mgongo ameushika, na hataki mtu amsaidie kuibeba. Ameulizwa amefuata nini, akajibu amekuja kurudisha hewa aliyoitoa.

Nashuka.