Chai Niliyokunywesha, Hodan

Abaayo Hodan, mdogo wangu,

Ingekuwa kusema ningesema Kisomali, lakini kukiandika sijui. Kiswahili ndicho tulichochapiwa viboko shuleni mpaka kikaingia, basi nivumilie. Una mwaka na zaidi kaburini. Mimi bado nauza maziwa ya ngamia pale pale sokoni Garissa, madumu bado yanakuja na lori kutoka Hulugho, na bado kuna wateja wanaouliza yule dada yako mcheshi yuko wapi. Nawaambia umesafiri. Nimechoka kupewa pole.

Ifrah wako yuko kwangu. Ana miaka kumi na minne, amenipita kimo, na kelele zake ni zako. Na alinenepa, Hodan, nami nikajivuna! Wanawake wa sokoni walimfinya mashavu wakisema mashallah, huyu hajui ukame. Si ulimzaa mifugo imekwisha, mdogo kama kifaranga? Nikaapa sitaziona mbavu zake tena. Kila asubuhi mikate mitatu ya anjera, ya mafuta na sukari, chai tamu juu yake, na Ijumaa soda.

Halafu shingo yake ikawa nyeusi, kwa nyuma, chini ya hijabu. Nikamgombeza: msichana mzima hajui kuoga, aibu gani hii! Nikamkalisha karibu na beseni nikamsugua kwa dodoki mpaka ngozi ikachubuka, naye akalia, na weusi haukutoka. Nikampeleka kliniki nikitaka dawa ya kupaka. Daktari aliitazama shingo mara moja tu, akamtoboa kidole. Ni sukari, abaayo. Tayari imepanda.

Na wewe ulikuwa na weusi ule ule tangu usichana. Nilidhani ni ile mikufu yako ya bandia, nikawa nakucheka.

Daktari akauliza mama wa mtoto alikufa na nini. Nikamwambia ni sukari hiyo hiyo. Akauliza huyo mama alilelewa vipi utotoni. Ala, swali gani hilo! Lakini nilimjibu, na wakati najibu nikayasikia maneno yangu mwenyewe.

Wewe hukumbuki, hata kutambaa ulikuwa hujui vizuri. Hooyo, mama yetu, alikuwa amekaukiwa kifua, na ngamia amebaki mmoja. Maziwa yake Hooyo aliyauza kwa watu wa malori akanunua sukari na majani, maana maziwa yangeshibisha mtoto mmoja, na chai inanyamazisha nyumba nzima. Akaniachia wewe. Nilikuwa na miaka kumi. Ukilia nachovya kidole kwenye chai, nakutia mdomoni. Baadaye kijiko. Baadaye kikombe. Unanyamaza. Hooyo akirudi ananisifu, "Sasa wewe ni mama." Wallahi, sijapata sifa niliyoipenda kama ile.

Daktari akanieleza polepole. Mtoto akikosa chakula, tumboni mwa mama yake na katika miaka ile miwili ya mwanzo, mwili wake unajifunza uchoyo. Shibe ikija haujui kuitumia, unairundika tu, na sukari inabaki kwenye damu inakula macho, figo, miguu. Nikaviona vidole vyako viwili vya mguu walivyokata hospitalini, na wewe ukitania kwamba sasa viatu vya Ifrah vitakutosha. Daktari hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Nimejaribu, Hodan, usidhani nimekaa tu. Nilificha sukari siku nne. Ifrah akanuna, wanangu wadogo wakasukuma vikombe. Nikasema basi, tunywe maziwa haya haya tunayouza. Tukanywa siku mbili, ya tatu hakukuwa na unga. Mvua imekosa tena. Lori linaleta madumu mawili badala ya sita. Mboga anazozitaja daktari zikifika kwetu zimeshanyauka, na watoto wanazitazama kama chakula cha mbuzi. Jana niliuza maziwa yote, nikarudi nyumbani na sukari mkononi. Mimi. Hooyo hakujua alichokuwa akifanya. Mimi najua, na nimefanya.

Nina hasira, na sina wa kumkasirikia. Hooyo alitaka tuishi, na tuliishi. Ningekuacha ulie?

Tulipotoka kliniki Ifrah aliniuliza, "Habaryar, mama naye alianza hivi?" Nikamwambia hapana, mama yako alikuwa na ugonjwa mwingine kabisa. Akaamini. Uso ukamkunjuka, akaanza kuimba njiani, akaomba soda. Nikamnunulia.

Najua ungenipiga kofi. Nipige.

Mwenyezi Mungu alipanue kaburi lako, abaayo, na akupumzishe na sindano zile za sukari. Ahadi yangu ni ndogo. Nitamwambia Ifrah ukweli kabla mwili wake haujamwambia, na kila siku ya kliniki nitakaa naye kwenye benchi, hata kama soko litafungwa bila mimi. Kwamba atapona, hilo siahidi. Wewe nilikuahidi utapona, ukaniamini.

Dada yako,
Shukri