Mashine Iliyokimbia

24 Mei 1993

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, mgongo umetulia, na wateja wamejaa karakanani. Mimi sijambo, ila mashuka ya hoteli hii hayaishi. Nikifua haya, yale yanashuka.

Najua uliniambia nikitoka karakanani kwako nisirudi. Miaka miwili sasa sijarudi, wala hujaniandikia. Lakini habari hii siwezi kukaa nayo peke yangu: Kutu wanakuja! Ile bendi yetu ya roki, watapiga hapa tarehe 12 Juni, Jumamosi alasiri, uwanja wa mpira. Nina tiketi mbili na moja ni yako. Redio hazijawahi kuwapiga, tumewajua kwa kanda zako tu, kwenye mashine yako ya kupigia kanda. Niende na nani mwingine? Njoo, Mjomba.

Mpwa wako,
Bisibisi


2 Juni 1993

Bisibisi,

Marahaba. Mgongo ndio bosi siku hizi, mengine salama. Kumbe kalamu bado unaijua.

Siji. Karakana haifungwi kwa sababu ya kurukaruka uwanjani, na aliyekuwa anishikie nafasi alikwenda kufua mashuka. Isitoshe, nikasikilize kipi nisichokijua? Nyimbo za Kutu nazijua kuliko wao wenyewe. Mashine ile niliifufua kwa mikono yangu, na mimi kazi sijawahi kuikosea.

Nenda wewe. Uniambie tu kama yule kijana bado anaifikia sauti ya juu kwenye "Bati Jekundu". Mimi naifikia mpaka leo, nikisimama kwa vidole.

Mjomba wako


13 Juni 1993

Mjomba wangu,

Shikamoo, na mgongo naupa pole.

Nimewaona! Nilijipenyeza mpaka mbele kabisa, spika zikanitikisa meno. Kwanza, yule "kijana" ni mzee mwenye kitambi na sauti nzito. Nikasema haya, umri. Wakaanza, nami nikapaza sauti. Nikamaliza mstari, yeye bado yuko katikati! Wimbo wa pili hivyo hivyo. Dada mmoja aliyevaa kofia akaniuliza, "Mwenzetu, una haraka ya kwenda wapi?" Watu wakaangua kicheko. Nikajitetea kwamba bendi imechoka. Lakini uwanja mzima uliimba pamoja nao. Niliyetangulia ni mimi tu.

Walipofika "Bati Jekundu" nikaelewa. Mjomba, mashine yetu inakimbia. Mota inazungusha kanda haraka, ndiyo maana sauti zote zilipanda juu. Tumewasikia hivyo miaka yote! Nilicheka mpaka machozi.

Halafu nikanyamaza, nikasikiliza. Kila mstari unapoisha pana nafasi, na gitaa linaongea humo taratibu, maneno ambayo sisi hatukuwahi kuyasikia. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia, na nilikukumbuka vibaya sana. Wanarudi tarehe 11 Septemba.

Mpwa wako,
Bisibisi


20 Julai 1993

Kwako Mjomba,

Shikamoo. Hali yako? Mimi mzima.

Wiki tano umenikalia kimya. Kama nimekuumiza kuhusu mashine, samahani kwa kucheka. Kwa nililolisema siombi radhi, maana wewe ndiye uliyenifundisha kazi, na mota ikikimbia siwezi kusema haikimbii. Nakupenda, na nina tiketi mbili za Septemba. Sikubembelezi. Nakungoja.

Mpwa wako,
Bisibisi


28 Agosti 1993

Bisibisi, mwanangu,

Marahaba. Mgongo nimeuacha ulalamike wenyewe. Wewe hujambo?

Nilikasirika, sikufichi. Miezi miwili mashine ile sikuigusa, nikawa naipita kama jirani tuliyegombana naye. Juzi nikaifungua. Kile kigurudumu cha mota ni kikubwa kupita kinavyotakiwa, kidogo tu. Nilikifunga mwenyewe, wiki ile tuliyomzika mama yako, kwa sababu ulikuwa huli wala husemi, nami nilitaka nyumba iwe na sauti yoyote. Nilichukua kilichokuwa karibu.

Nimeweka kinachostahili, nikapiga kanda. Lile gitaa unalolisema nimelisikia. Nimekaa sakafuni mchana kutwa, wateja wakigonga mlango. Umri huu wote nasimama kwa vidole bure!

Nilikuwa najigamba kwamba sijawahi kukosea. Siku ile mlangoni nilikuambia usirudi, neno lile nililisema kwa haraka hiyo hiyo, na halina kipuri cha kubadilisha. Nilikosea, mwanangu. Nisamehe.

Karakana nitaifunga, na karatasi ya kuwaambia wateja nimeshaandika. Nafika Ijumaa tarehe 10, basi la asubuhi. Barua hii usiijibu, majibu hayatanikuta nyumbani.

Mjomba wako