Kahawa ya Mama Mkwe

Dada Mwanaidi, hujambo huko Tanga? Mimi mzima, ila baridi ya huku Mbozi inanivalisha sweta juu ya kanga.

Kahawa imepandwa hadi mlangoni kwa mama mkwe, lakini humu ndani wanakunywa chai tu! "Kahawa ni ya kuuza, mwanangu," ananiambia. Jana nikamwomba kiganja kimoja. Nikaikoboa kwenye kinu, nikaikaanga, nikaitwanga, nikaichemsha na tangawizi kama ya Mama. Amezeeka akiilima, ndiyo kwanza aionje. Akakitazama kikombe, nikaogopa nimemuudhi. Kisha akamwita shemeji: "Gunia lile la mwisho usiliuze."

Nimekukumbuka sana, dada. Duara hilo la kahawia pembeni mwa barua ni la kikombe cha mama mkwe. Amekitua hapa sasa hivi, anataka cha tatu.

Mdogo wako, Zuhura