Saa Iliyozimwa Kisimani

Kitengela, Jumatatu

Abaayo Muno, dada yangu,

Salaam aleikum. Huku tuko salama, ila mguu wangu bado uko kwenye plasta. Ndiyo, nilianguka kutoka kwa kiti cha ofisi. Cheka umalize, kisha usome hapa.

Nimejua kwa nini pampu yako ya kisima inawaka kidogo halafu inakufa. Kidhibiti kinachosoma kumbukumbu ya ile bodi ya kompyuta inayoiendesha kinahitaji saa mbili, na si saa za ukutani: ni mapigo ya umeme yanayokiendesha. Nilipoiandikia kernel, ile programu kuu ya bodi, maelezo ya vifaa vyake, nilitaja moja tu. Sasa kernel ikishaamka huzima kila saa isiyo na mwenyewe, vile wewe hupita ukizima taa nilizosahau. Ikazima ile ya pili, kumbukumbu ikanyamaza, pampu ikafa.

Nimezitaja zote. Hapa mezani bodi kama yako inafanya kazi, lakini meza yangu haina vumbi la huko kwenu Bissil wala ng'ombe wenye kiu. Kadi yenye programu mpya iko ndani ya bahasha. Zima umeme, ichomeke kwenye bodi, washa, ungoje taa ya kijani.

Najua mume wako Sahal alitaka kubaki na injini ya dizeli, ukamwambia, "Wacha wewe, Jeylani anajua." Ndama waliokufa kwa kiu nimesikia pia.

Taa ikiwaka, nywesheni ng'ombe kwanza, simu yangu itangoja. Isipowaka, usinitetee tena kwa Sahal. Ondokeni na ng'ombe mkatafute maji kwingine jioni hiyo hiyo, wakati bado wanaweza kutembea.

Mdogo wako mwenye wasiwasi,
Jeylani