Ngurumo ya turbo ya mume wangu

Shosti uko wapi. Mume wangu amefunga turbo kwenye gari letu, eti lipae. Kaifunga mwenyewe. Kwa kutazama video.

Siku tatu yuko uani, grisi mpaka masikioni, ukimwita kula anajibu, "Niko kwenye hatua nyeti." Nikasema haya, injinia.

Leo kamwita baba yake, fundi mstaafu, aje asikie ngurumo. Akawasha. Gari likakohoa mara mbili, likazimika. Akawasha tena. Likakohoa, likazimika. Ngurumo ndiyo hiyo.

Baba mkwe akainama kwenye injini. Akafungua bomba la hewa, akaingiza koleo, akavuta. Kikaanza kutoka kitambaa. Kinatoka tu, hakiishi.

Injinia anasema, "Aa, nilizibia bomba nati zisidondokee ndani, nikasahau kukitoa."

Baba mkwe akakikung'uta, akanigeukia. "Mkwe, hiki si chako?"

Kilemba changu cha hariri. Cha kuvaa kesho kwenye harusi ya dada. Nimekitafuta tangu juzi.

Na unajua nani alinisaidia kukitafuta? Huyohuyo. Aliinama na tochi mpaka chini ya kitanda, akaniambia nina tabia ya kupoteza vitu.